Kifaru Kwenye Bega la Keya

Beji yenyewe ni ndogo, haifiki upana wa kiganja. Ni kichwa cha kifaru, pembe mbili zimetangulia mbele, na kitambaa kilichokizunguka kimepauka hadi huwezi tena kuapa kilikuwa cha rangi gani. Babu yangu aliiweka ndani ya mkebe wa Kimbo pamoja na medali yake ya vita, nyota ya shaba ya Burma, na stakabadhi chache zilizoliwa na mende. Alipofariki mkebe ukaja kwangu kwa sababu hakuna mwingine katika ukoo aliyeutaka.

Ukiigeuza utaona jambo ambalo mbele halionekani. Kingo zake zina matundu ya sindano ya safu mbili. Safu ya kwanza imenyooka, ni ya cherehani. Ya pili imekwenda mrama, ni ya mkono, na vipande vya uzi mweusi bado vimenasa humo. Yaani fundi aliishona, baadaye ikafumuka au ikafumuliwa, halafu mtu akaketi mahali fulani akairudisha begani yeye mwenyewe. Nimeitazama hiyo safu ya pili mara nyingi kuliko nilivyomtazama kifaru.

Hiyo ni alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoundwa Februari 1943. Askari wake walitoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na wengi walikuwa wa King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu walilifupisha wakaliita Keya. Isichanganywe na divisheni nyingine ya Waafrika yenye namba hiyohiyo, ile iliyoingia Addis Ababa Aprili 1941. Ile ilivunjwa mapema. Hii ya kifaru ilipelekwa kwanza Ceylon, ndiyo Sri Lanka ya leo, kisha mwaka 1944 ikaingizwa Burma, ndiyo Myanmar ya leo, kuwafukuza Wajapani.

Kwa nini jeshi likachora mnyama badala ya kuandika jina? Waingereza walijifunza katika Vita vya Kwanza vya Dunia kwamba ukiandika namba ya kikosi kwenye gari au kwenye sare, umemwandikia adui barua. Mateka mmoja tu anatosha kumwonyesha nani yuko mbele yake. Zikabuniwa picha. Picha ikipakwa kwenye lori, ikabandikwa kwenye kibao cha njia panda na kushonwa begani, dereva wa kikosi anajua apinde wapi, na mgeni haambulii kitu kwa haraka. Kwa Keya picha ilikuwa na faida nyingine ambayo naona haisemwi vya kutosha. Wanaume wale walikuja na lugha makumi, na wengi hawakuwahi kukaa darasani. Amri zilitolewa kwa Kiswahili cha kambini, kilichoitwa Ki-KAR, na watu wa Nyasaland walikuwa na Kinyanja chao. Kifaru alisomeka kwa wote bila mkalimani.

Alisomeka kwa sababu ni mnyama wa kwetu. Kila aliyechunga mifugo kwenye nyika za nchi hizi alijua ngozi yake, hasira yake, na kwamba akishaanza kukimbia hageuki kirahisi. Lakini masikioni mwa mzungumzaji wa Kiswahili neno lenyewe lina mzigo wa pili. Ukisikia kifaru amepita, ni mnyama. Ukisikia kifaru kimepita, ni gari la vita, lile la chuma na mzinga. Tofauti yote iko kwenye kiambishi. Na Divisheni ya 11 haikuwa divisheni ya magari hayo, ilikuwa ya watu wa miguu. Ninapoitazama beji ya babu sijui nitumie kiambishi kipi, maana kazi waliyopewa ilikuwa ya chuma na waliopewa walikuwa nyama na damu.

Kazi hiyo ilikuwa kuteremka bonde la Kabaw wakati wa mvua za monsuni. Bonde hilo askari walilibatiza Bonde la Mauti kabla hata ya kukutana na risasi, kwa sababu ya malaria na taifasi inayoenezwa na utitiri wa nyasini. Walimeza kila siku vidonge vya njano vya kuzuia malaria hadi ngozi zikabadilika rangi. Barabara ziligeuka uji wa matope, lori zikazama, chakula kikadondoshwa kwa ndege kutoka mawinguni, na mawingu yakiwa mazito kikachelewa. Walisonga hivyo, wiki baada ya wiki, hadi Kalewa kando ya mto Chindwin. Desemba 1944 wakashika ng'ambo ya pili, na wahandisi wakatandika hapo daraja la Bailey, lile la vipande vya chuma vinavyounganishwa papo hapo, la futi 1,154. Kwa wakati huo lilikuwa refu kuliko madaraja yote ya aina hiyo duniani. Jeshi la Jenerali Slim, kamanda wa Waingereza huko Burma, likapita juu yake kuelekea Burma ya kati.

Waliofungua njia hawakupita nayo hadi mwisho. Divisheni ilirudishwa India kupumzishwa, na Rangoon, mji mkuu wa Burma, ilipochukuliwa Mei 1945 kifaru hakuwapo kwenye picha. Nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya vitabu vingi vya vita hivyo kuwapa aya moja, tena ya kupitia tu.

Wengine hata Burma hawakuiona. Tarehe 12 Februari 1944 meli iliyoitwa Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa ikienda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama kwa muda wa dakika chache tu. Watu 1,297 walikufa, na kundi kubwa zaidi lilikuwa la wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Majina ya askari hao yamechongwa kwenye makaburi ya vita ya Ngong Road, hapa Nairobi, umbali mfupi kutoka kwenye msongamano wa magari ambao sote tunaulalamikia kila jioni. Nenda siku moja uyasome. Yamepangwa kwa vikosi, na ukifika kwenye majina ya Kikamba, Kijaluo, Kinandi na Kinyamwezi yaliyofuatana utatambua kwamba yaliandikwa na karani aliyeyasikia kwa sikio la kigeni. Mengine yameharibika tahajia. Hata hivyo yapo.

Binamu yangu mdogo anasoma historia chuoni, na ndiye aliyenifanya niandike makala haya. Nilimwonyesha beji akaishika kwa ncha za vidole. "Kaka, hii itupe," akaniambia. "Ni kitambaa cha mkoloni. Walimvisha babu alama kama wanavyopiga ng'ombe chapa."

Hoja yake si ya kupuuza, na sitaki kuipita mbio. Ni kweli kwamba mchoro ule haukuombwa na askari Mwafrika. Ni kweli kwamba katika divisheni ile maofisa walikuwa wazungu, na Mwafrika hata awe hodari vipi kilele chake kilikuwa usajinimeja. Malipo yalipangwa kwa rangi ya ngozi, na hata kiinua mgongo cha kumaliza vita kilifuata mpangilio huohuo. Na nyumbani kulikuwa na kipande.

Vijana wa leo husikia neno kipande wakadhani ni kitambulisho cha kawaida. Kipande kilianza kutekelezwa mara baada ya Vita vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri alitakiwa kuwa na karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri na mshahara, na karatasi hiyo ilitiwa ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, njuga ya mbuzi. Bila hicho ulikamatwa. Sasa mfikirie askari aliyetoka Chindwin akiwa na kifaru begani, anateremka kwenye treni Nairobi mwaka 1946, anarudisha sare, na sheria inamtaka avae njuga.

Hapo ndipo ninapoachana na binamu yangu. Yeye anaviona kifaru na kipande kuwa ni kitu kimoja, chapa mbili za mwenye mali mmoja. Mimi naona vilisema na watu tofauti. Kipande kilimwambia polisi mtu huyu ni wa nani. Kifaru alimwambia Mkamba kwamba yule Mnyasa aliyelala kwenye tope upande wa pili ni wake, na asimwache. Ofisa anaweza kuchagua mchoro, anaweza kuamuru ushonwe, lakini hawezi kuamuru mtu auwekee thamani. Ile safu ya pili ya mshono, iliyokwenda mrama, sioni kama ni kazi ya mtu anayejiona amepigwa chapa.

Na walirudi na kitu ambacho waliowavisha beji hawakukitarajia. Waruhiu Itote alipigana Burma akiwa Keya, kwenye mapambano ya Kalewa. Miaka michache baadaye nchi ilimjua kwa jina la Jenerali China, kamanda wa Mau Mau kwenye Mlima Kenya, hadi alipokamatwa Januari 1954. Mbinu za msituni alizowafundisha vijana wake hakuziokota hewani. Kitambaa cha mkoloni, kama tutaendelea kukiita hivyo, kiliwahi kuwa begani mwa wanaume wa namna hiyo.

Alama hujazwa na wanaoivaa, na hujazwa upya. Mfano mkali kuliko yote ninaoujua unatoka Marekani. Divisheni ya 45 ya askari wa miguu, ya majimbo ya kusini-magharibi, kuanzia 1924 ilivaa begani swastika ya njano juu ya nyekundu. Kwa wenyeji asilia wa majimbo yale ilikuwa alama ya kale ya heri, na rangi hizo zilikumbusha enzi za Wahispania. Wanazi walipoishika alama hiyo Ulaya, divisheni ikaivua, na mwaka 1939 ikavaa ndege wa radi, kiumbe kingine cha simulizi za wenyeji haohao. Tarehe 29 Aprili 1945 askari wenye ndege huyo begani waliingia kambi ya Dachau. Mistari ya ule mchoro wa kwanza haikuwahi kubadilika. Walioivaa kwingine ndio walioiharibu.

Lakini beji inayonigusa kuliko hata hii ya babu si ya Afrika Mashariki. Afrika Magharibi ilipeleka divisheni mbili Burma. Ya 81 ilivaa buibui, Ananse, yule mjanja wa ngano za Waakan ambaye huku kwetu nafasi yake imeshikwa na sungura. Buibui alishonwa kichwa chini, ili askari akinyoosha mkono kushika bunduki buibui aonekane anatangulia mbele. Aliyefikiria hilo aliujua mwili wa askari, alijua kwamba beji haitazamwi ukutani, inatazamwa mkono ukiwa kazini.

Ya 82 ilivaa mikuki miwili iliyopishana pamoja na ngata. Ndiyo, ngata, ile kata ya nguo au majani ambayo mama zetu huiweka kichwani kabla ya kujitwika mtungi. Katika milima ya Arakan lori hazikupita, na risasi, chakula na majeruhi vilibebwa na wapagazi. Divisheni ikakubali kusema begani mwake kwamba mikuki yake imeegemea kichwa cha mpagazi. Sijaona jeshi jingine lililomheshimu mbeba mizigo kiasi hicho.

Ukiishi Nairobi huwezi kuisoma beji hiyo bila kufikiria Kariokor. Jina la mtaa ule ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza, lililotafunwa na ndimi zetu hadi likawa letu. Kariakoo ya Dar es Salaam ni jina hilohilo. Wapagazi walioandikishwa kwa nguvu mwaka 1917 na wenzao waliowatangulia walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, malaria na njaa, na hawakuwa na alama yoyote ya begani. Walikuwa na namba. Sanamu ya Kenyatta Avenue, iliyozinduliwa 1928, inaonyesha wanaume watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Maandishi yake, kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, yanasema wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanamwahidi anayekufa kwa ajili ya nchi yake kwamba wanawe watalikumbuka jina lake. Nimeizunguka sanamu ile mara nyingi nikielekea kazini. Haina jina la mpagazi hata mmoja.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba beji ni vitu vidogo, vya kuchezea wakusanyaji, simwelewi. Serikali zenyewe haziamini hivyo. Desemba 1963 vikosi vya Keya vilivyokuwa Kenya viligeuka kuwa Kenya Rifles, na namba zao zikarithiwa. 3KR na 5KR ni namba za 3KAR na 5KAR. Namba ya 11KAR nayo ilirithiwa, lakini Januari 1964 askari wa kikosi hicho waliasi huko Lanet, na kikosi kikafutwa. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 Jeshi la Anga la Kenya lilivunjwa, na kwa miaka kumi na zaidi, hadi 1994, warubani wetu walitumikia chini ya jina la Jeshi la Anga la '82. Fikiria kubeba mwaka wa aibu ndani ya jina lako kila asubuhi ya gwaride. Dola inapotaka kuwaadhibu wanajeshi kwa pamoja huwavua jina, kwa kuwa inajua jina na alama ndivyo vinavyowafanya wawe wamoja.

Wale wa Burma hawakuasi. Walivuliwa kimyakimya tu, divisheni ikavunjwa baada ya vita, kila mtu akaenda kwao. Karibu Wakenya laki moja walitumikia katika vita vile. Leo ukitaka kuona alama yao kwenye mitaa ya Nairobi utapata jina la soko la Burma, kule Jogoo Road, ambako watu hupanga foleni kwenye buchari wakisubiri mbavu na maini. Niliwahi kumuuliza muuzaji mmoja kwa nini soko linaitwa hivyo. Akasema pengine kuna Mhindi aliyekuwa analimiliki.

Ningependa kifaru awekwe pale. Kibao cha shaba langoni kinatosha, chenye beji, mwaka, na sentensi moja ya Kiswahili. Kifaru si mgeni mfukoni mwetu, kwani tangu sarafu mpya zilipotolewa Desemba 2018 yumo kwenye shilingi tano, na makanga anaporudisha kobole hakuna anayeuliza kama mnyama huyo ni wa mkoloni. Na Kariokor ningependa waweke ngata. Haikuwa beji ya wapagazi wetu, najua. Ila ni alama pekee ya kijeshi ninayoijua iliyochorwa kwa kumfikiria mtu wa kazi ile, na Waafrika wenzetu wa magharibi wasingetunyima.

Binamu yangu bado hajakubali. Alisema atakubali siku wizara itakapoweka orodha ya majina, kwa sababu bila majina kibao kingine kitakuwa ni sanamu ile ile ya Kenyatta Avenue kwa umbo dogo. Kwa hilo sina jibu la kumshinda. Naona tuanze na vyote viwili.

Wiki iliyopita nilikwenda Kariokor kwa mzee mmoja anayeshona viatu vya ngozi, nikitaka aitengenezee beji fremu ndogo ya ngozi isiendelee kuliwa na wadudu. Aliipokea akaifuta kwa upande wa kidole gumba. Hakumwangalia kifaru sana. Aliigeuza, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, akauvuta ule uzi mweusi kidogo kwa ncha ya msharasi.

"Nani alishona hii?"

"Babu yangu, mzee. Nadhani ni yeye. Alikuwa Keya, Burma."

Akausugua uzi kati ya vidole viwili, akaunusa.

"Huu si uzi wa nguo, mwanangu," akasema. "Umetiwa nta. Huu ni uzi wa turubai. Aliutoa kwenye hema."